Kuku wa Godoro

Wale kuku walikuwa godoro. Nataka hilo lieleweke kabla sijaendelea, maana katika ukoo wetu wapo watu ambao hadi leo wanasimulia kwamba niliwapikia kwa moyo mkunjufu, na kwamba mwaka ule nyumbani kwangu kulikuwa na neema. Hakukuwa na neema. Kulikuwa na godoro lenye mabawa, likidonoa pumba uani, nami nikaliona linaliwa paja kwa paja na watu wazima wenye akili zao.

Majina yao yote ninayo. Sikusoma sana, niliishia darasa la nne, lakini jina nikilisikia mara moja haliniponyoki. Nawajua wa Nzega na wa Igunga, watoto wao na wakwe zao, majina ya ubatizo na yale ya nyumbani wasiyopenda yatajwe. Siyaandiki hapa. Msidhani nawasitiri. Wakisoma watajijua wenyewe, na asiyejijua atasomewa na mke wake.

Mjukuu wangu namwita somo, kwa sababu alipozaliwa alipewa jina langu. Baba yake, mwanangu wa pili, alifariki somo akiwa bado anatambaa. Mama yake akaolewa Kahama, akamwacha kwangu, nami sikuona ubaya. Tumekaa wawili huku upande wa Kipalapala, nje kidogo ya mji, tukilima mahindi na karanga. Alipomaliza darasa la saba alichaguliwa kwenda sekondari ya wasichana, tena ya bweni, mbali, safari ya kuondoka na basi la asubuhi ukafika jua limeshavuka utosini. Nilipiga vigelegele hadi koo likakauka. Kisha ikaja karatasi ya mahitaji, na vigelegele vikaisha.

Wanasema elimu siku hizi ni bure. Sikatai, ada sikulipa. Lakini mtoto haruhusiwi kupita getini mpaka awe na sare, sweta, viatu vyeusi vya kamba, shuka, ndoo, tranka la bati lenye kufuli, rimu ya karatasi, fagio, jembe na godoro. Bure hiyo nimeitazama mbele na nyuma, sijaona ilipoanzia.

Tuliyakusanya kidogo kidogo. Binti yangu aliyeko Dar es Salaam, shangazi yake somo, alituma kwa basi sare na viatu na madaftari. Jirani yangu alitoa ndoo. Tranka tulikuwa nalo, la marehemu mume wangu. Tulilisugua kutu, tukalipaka rangi, likang'aa kama la duka. Ikabaki kitu kimoja kikubwa, godoro, na godoro lilikuwa uani. Wale kuku niliwalea tangu somo akiwa darasa la sita. Nilikuwa nimeshapatana na mchuuzi wa sokoni kwamba Jumamosi ya mwisho kabla ya shule kufunguliwa atakuja na matenga yake awachukue wote, na siku hiyohiyo mimi na somo tuingie mjini tukalinunue.

Na mkitaka kujua kwa nini nilililia godoro hivyo, mwulizeni huyo jirani yangu. Ni mjane kama mimi, alikulia Ulyankulu, akahamia huku alipoolewa. Mwaka uliotangulia alimpeleka mjukuu wake shule kama hiyohiyo, akiwa na kila kitu isipokuwa godoro. Wakaambiwa getini warudi wakalitafute. Wakarudi. Kulitafuta kukachukua wiki, wiki ikazaa wiki nyingine, msichana akaanza kuona haya kuingia darasani wenzake wakiwa wameshakwenda mbele. Sasa anauza karanga za kukaanga stendi. Ni binti mwepesi wa hesabu, anakupa chenji kabla hujamaliza kutoa mkono. Kila nilipomnunulia karanga niliwatazama yeye na somo walivyo wa kimo kimoja, na karanga nikazifunga kwenye ncha ya kanga bila kuzionja.

Basi. Jumapili baada ya Krismasi nikaita kikao cha ukoo. Wakaja ndugu za marehemu mume wangu na watoto wao wa kiume, wakajaa barazani. Nilitaka wote wasikie mtoto wao anatakiwa kwenda na nini. Sikuomba kitu. Kwetu hakuna kuomba. Unasema hali, na wenye masikio wanasikia.

Somo alisimama akasoma karatasi kwa sauti. Alipotaja shuka, walikuwa wanaangalia kuku. Alipotaja ndoo, mmoja alikuwa anajikuna mguu. Alipotaja jembe, baraza zima likainuka.

"Hapo sasa!" akasema shemeji yangu mkubwa, yule kaka wa mume wangu. "Shule hiyo ina adabu!"

"Msichana aende na jembe," akadakia mwingine. "Si mambo ya kalamu tu."

Shemeji akaanza hadithi yake ya siku zote, ya babu yao aliyebeba mizigo kwa miguu kutoka hapa mpaka pwani na kurudi, na jembe lake alilolikuta ukutani vilevile alivyoliacha. Hadithi hiyo nimeisikia tangu nilipoolewa. Kila mwaka pwani inasogea mbali zaidi. Katikati ya kelele hizo somo akasoma, "Godoro."

"Soma tena hilo la mwisho," nikamwambia.

"Godoro," akarudia, kwa nguvu kidogo.

"Tumesikia, tumesikia," wakasema. Shahidi ni Mungu na jirani yangu aliyekuwa anachungulia penye ua.

Sasa kwa msomaji asiye wa kwetu nieleze mambo mawili, vinginevyo ataniona mimi ndiye mjinga. La kwanza ni jembe. Zamani za bibi zetu mahari ilitolewa kwa majembe, chuma kitupu bila mpini, na mpaka leo mwanamume wa kwetu akitaka kumpa heshima binti wa ukoo, mawazo yake hayapiti kwenye shuka wala sabuni. Yanakwenda moja kwa moja kwenye jembe. La pili ni kwamba mwanamume wa kwetu hatangazi zawadi. Akiisema mapema amejisifu. Akiulizwa analeta nini, amedaiwa. Anaileta tu siku yake, imefungwa kwenye gazeti, anaiweka chini, nawe unapiga kigelegele kana kwamba hukutegemea. Kisha unamchinjia kuku. Mboga za majani ni chakula cha siku zote. Ukimwekea mwenye zawadi, umemtukana yeye na waliomzaa. Na firigisi ni yake.

Wa kwanza alikuwa baba mdogo wa somo, mfugaji wa Igunga, mtu wa sauti ya kuitia ng'ombe.

"Hodi hapa! Msomi wetu yuko wapi?"

"Shikamoo, baba," somo akapiga goti.

"Marahaba, mwanangu. Shika hii. Ukifika huko usiwaambie Igunga tulikuja mikono mitupu."

Ilikuwa jembe. Nilifurahi, sisemi uongo. Jembe lilikuwa kwenye karatasi, limepatikana, tumepumua. Nikamkamata kuku mmoja, nikapika na karanga. Akala, akalamba vidole, akasema, "Mama mkubwa, mkono wako haujazeeka." Akapanda pikipiki yake akaenda zake.

Wiki haijaisha akaja wa Nzega. Akaweka chini kifurushi cha gazeti chenye umbo ninalolijua. Kigelegele kilinitoka, kikakatikia njiani. Jembe. Nikamchinjia. Siku iliyofuata akaja mdogo wake, na wao wawili, msinicheke, wanaishi ua mmoja, wanakunywa maji ya mtungi mmoja. Jembe. Nikachinja. Akaja mwingine aliyepita kwangu akitoka kununua mbegu mjini. Nikaona gazeti kwapani nikasema moyoni, Mungu wangu, iwe hata sabuni. Jembe. Huyu alikuwa na mwanawe, kwa hiyo kuku mmoja hakutosha.

Wakafuata na wengine, na yote yalikuwa chuma kitupu. Hakuna hata mmoja aliyeleta mpini.

Nikayapanga nyuma ya mlango. Kila ukifungua yanagongana kama kengele. Jirani akachungulia juu ya ua.

"Jirani, unafungua duka?"

"Duka la nini?"

"La majembe. Niwekee moja, nitachukua kwa mkopo."

"Wewe cheka tu."

"Majembe siyacheki, nawacheka kuku. Walikuwa wananiamsha alfajiri. Sasa nalala mpaka jua linanichoma makalio."

Kisha akaacha kucheka. Akaniambia kwa sauti ya chini, "Lakini lile jambo lisikupate kama lilivyonipata mimi, mama." Akarudi ndani. Maneno hayo yaliniuma kuliko kicheko.

Somo naye alikuwa anaona. Siku moja tunanyonyoa kuku, yeye miguu mimi kifua, akasema, "Bibi, kwa nini usiwaambie?"

"Niwaambie nini?"

"Kwamba majembe yametosha. Kwamba bado godoro."

"Nikisema majembe yametosha, nimelidharau la huyu aliyekaa barazani. Nikisema godoro, nimeomba."

"Basi usichinje."

"Nisichinje! Unataka wakaseme huko kwamba nyumba ya marehemu kaka yao mgeni analambishwa chumvi?"

Manyoya yamemjaa mikononi. Halafu akasema, bila kunitazama, "Mimi naweza kulala chini, bibi. Nimezoea mkeka." Nikamwambia anyonyoe kuku. Ningesema kingine ningelia, na kuku wa wageni hapikwi na mtu anayelia.

Nikampigia simu shangazi yake Dar es Salaam.

"Mama, godoro si tulisema kuku?"

"Kuku wanaliwa."

"Na nani?"

"Na baba zako wadogo na kaka zako."

"Mama! Wachane laivu!"

"Lugha hiyo siijui."

"Waambie ukweli, usoni, bila kupepesa!"

"Haya, wewe unayejua kusema, namba zao unazo. Wapigie."

Nikadhani salio limekwisha. "Hapana, mama," akasema. "Mimi mtoto wao. Wataniona mji umeniharibu."

"Ahaa," nikamjibu.

Basi hapo ndipo hasira zikanipanda kweli, na hazijashuka. Mnaona jinsi kamba ilivyosokotwa? Mtoto hawezi kusema kwa sababu ni mtoto. Shangazi hawezi kusema kwa sababu yuko mbali. Mimi siwezi kusema kwa sababu ni mwenye nyumba. Anayeweza kusema ni mwanamume aliyeleta jembe, na huyo ameshiba.

Wiki ya mwisho, uani kulibaki jogoo mmoja na tetea aliyekuwa analalia mayai. Alhamisi akaja shemeji yangu mkubwa kwa baiskeli, koti mwilini jua likiwaka, kofia kichwani.

"Shikamoo, shemeji."

"Marahaba. Mke wangu yuko wapi?" Ndivyo anavyomwita somo, kama babu anavyomtania mjukuu wa kike. "Unakwenda kusoma, eh? Ukirudi utaniona mshamba."

"Babu, wewe mshamba tangu zamani."

"Umesikia huyo? Bado hajapanda basi!" Wakacheka wote wawili. Ni mzee mwenye utu, sitamnyima hilo. Kisha akafungua mzigo nyuma ya baiskeli, polepole, akijua tunamtazama. Gazeti. Kamba. Gazeti jingine.

"Hili si kama hayo ya siku hizi," akasema. "Halipindi."

Sikupiga kigelegele. Nililipokea kwa mikono miwili, nikashukuru, nikaingia nalo jikoni. Somo alikuwa ameshashika kisu, anamwangalia jogoo.

"Rudisha kisu," nikamwambia.

"Bibi, babu je?"

"Rudisha kisu, usonge ugali."

Akasonga. Nikachukua lile jembe, nikaliosha kwa maji ya moto na sabuni, nikalikausha kwa kanga safi. Nikaweka ugali kwenye sinia, na pembeni ya ugali, mahali pa kuku, nikalilaza jembe. Nikafunika kwa ungo. Nikamletea barazani, nikapiga goti kama inavyotakiwa, nikamnawisha mikono.

"Karibu chakula, shemeji."

Akavuta pumzi, akitafuta harufu. Akafunua ungo.

Nilisikia jogoo anaparua nyuma ya nyumba.

"Shemeji," akasema, "hiki nini?"

"Mboga."

"Mboga?"

"Ndiyo iliyobaki. Wenzako walikula godoro, limekwisha. Wewe kula jembe."

"Godoro gani?"

Hapo nikamwambia. Nikamwambia yote, nimepiga goti vilevile, sauti sikuipandisha. Kwamba kuku walikuwa godoro la mjukuu wake. Kwamba nyuma ya mlango ule kuna majembe ya kulimia wilaya. Kwamba hao wapagazi anaowasifu tangu nilipoolewa, na wao walibeba kitu cha kulalia. Kwamba Jumatatu mtoto atasimama getini na majembe yenu, aambiwe rudi, na akirudi mara moja hatakwenda tena, na mfano upo stendi anauza karanga, aende akamwone.

Alifuta mikono yenye maji kwenye koti lake, akavaa kofia, akashika baiskeli. Ugali hakuugusa. Maji hakunywa. Kwetu mzee akiondoka hajanywa hata maji, hilo si jambo dogo.

Somo alikuwa amesimama mlangoni, machozi yanamtiririka. "Bibi, umemfukuza babu. Sasa watatuchukia wote."

"Watuchukie," nikasema. "Walitupenda, ukaona faida yake."

Lakini moyoni nilikuwa najiuliza kama sijamfungia mtoto geti kwa mkono wangu mwenyewe.

Jumamosi mchuuzi akaja na matenga yake, kama tulivyopatana. Akatazama uani, akatazama juu ya mti.

"Bibi, mali iko wapi?"

Nikamfungulia mlango akaona rundo.

"Haya hayatagi, bibi," akasema, akapanda baiskeli na matenga yake matupu.

Jumapili tukaenda kanisani. Baada ya misa, wa Nzega, aliyelala mjini, akanifuata hadi chini ya mnara wa kengele, mbele za watu, na suti yake ya Krismasi.

"Mama mkubwa, tumesikia umemlisha mzee chuma."

"Hakula. Aliacha."

"Ni aibu kwa ukoo."

"Aibu ya nani? Wewe ulikula paja la godoro, tena ukaomba mchuzi uongezwe."

Wamama waliokuwa karibu wakageuka kufunga vilemba vyao vilivyokuwa vimefungwa tayari. Yeye akaangalia viatu. Nikamshika somo mkono tukatembea mpaka nyumbani, mvua ikitunyeshea, na kesho yake ilikuwa Jumatatu.

Alasiri, mvua imepungua, tukasikia baiskeli inaburutwa kwenye tope. Alikuwa shemeji. Hakuwa ameipanda, alikuwa anaisukuma, maana nyuma yake palikuwa na mzigo mkubwa kuliko yeye, umeviringishwa kwenye nailoni, umefungwa kamba mbele na nyuma, fundo juu ya fundo, hata tone la maji halikuingia. Kufunga mzigo anajua. Hiyo sehemu ya hadithi yake ni ya kweli.

"Leo sili jembe," akasema, kabla hata ya hodi.

Lilikuwa godoro. Jipya, la kimo kilekile karatasi ilichotaka. Somo akalikumbatia na nailoni yake, tope likampaka kifuani.

Shemeji akakaa, akavua kofia, akasimulia. Aliwazungukia wote kwa basi, Nzega mpaka Igunga. Akamwuliza kila mmoja alipeleka nini. "Jembe," huyu. "Jembe," yule. "Nikawaambia, na mimi jembe. Tukatazamana kama mbuzi. Nikawaambia mimi nimekalishwa mbele ya ugali na chuma kwa ajili yenu, sasa toeni." Wakatoa. Hata huyo wa kanisani alikuwa ametoa, tangu jana yake, kabla ya kuja kunifundisha aibu.

Ningemshukuru tu, mambo yakaisha. Lakini akaongeza, kwa upole, kama mtu anayemwelekeza mtoto: "Shemeji, nawe ungesema tu."

"Ningesema!" Nilisimama. "Mtoto alisoma mara mbili mbele yenu! Mlisema mmesikia!"

"Nilisikia."

"Basi?"

Akazungusha kofia yake magotini. "Nilidhani hayo ya kulalia ni ya wanawake."

"Wanawake gani, shemeji? Mimi na nani?"

Alitazama mvua. Nami nikaenda nikamkamata jogoo, kwa sababu zawadi ilikuwa zawadi, tena ya kweli. Nilipopakua, firigisi niliiweka kwenye sahani ya somo. Shemeji akaitafuta kwenye bakuli kwa macho, akainua kichwa, akaiona ilipo.

"Hiyo si ya mwanamke," akasema.

"Leo ni ya anayesafiri."

Somo alikuwa ameishika kwa vidole viwili, hajui apeleke mdomoni au airudishe. Mzee akamtazama muda mrefu. "Kula, mke wangu," akasema. "Kula upesi, usinitazame hivyo, nitaitaka."

Akala. Ilikuwa mara yake ya kwanza, na aliniambia baadaye kwamba ni ngumu tu, hakuona utamu wake. Nami nikacheka, kwa sababu sijawahi kuila mpaka leo.

Tukaanza kupanga tranka, somo anasoma karatasi, mimi naweka. Alipofika karibu na mwisho akasita.

"Bibi, hapa wameandika jembe lenye mpini."

Nikamgeukia shemeji. Shemeji akageukia mvua.

Mvua ya Januari inanyesha, maduka ya mjini Jumapili yamefungwa, basi ni asubuhi. Nikachukua jembe langu, lile ninalolimia. Mpini wake aliuchonga marehemu mume wangu, na kwa miaka yote hiyo mikono yangu imeulainisha mpaka unashikika kama mkono wa mtu. Nikaligonga kwenye jiwe, chuma kikatoka. Nikauchomeka kwenye jembe la shemeji lisilopinda. Somo akaweka waya kwenye makaa, ukawa mwekundu, akachoma jina kwenye mpini, herufi kwa herufi. Jina lake, yaani langu. Harufu ya mti ukiungua ikajaa nyumba.

Shuleni tulipanga foleni. Mwalimu wa zamu alikuwa binti mdogo mwenye sauti iliyochoka. Akabonyeza godoro kwa vidole, akaweka alama. Akafungua tranka, akaweka alama. "Jembe?" Somo akampa, naye bila kulitazama akalitupa juu ya rundo. Nyuma ya rundo mlango wa stoo ulikuwa wazi, na ndani niliona majembe ya wa mwaka jana na wa mwaka juzi, yamepanda hadi kwenye bati la paa, yameota kutu.

"Mwalimu, hayo yote mnalima wapi?"

"Bibi, karatasi ndiyo inayosema hivyo."

Nilikuwa nimeshafungua mdomo kumjibu huyo karatasi, lakini somo alikuwa amekwenda kwenye rundo, ameinama na sketi yake mpya, anavuta.

"Mwalimu, hili naomba nikae nalo. Lina jina."

"Jina la nani?"

"Langu. Na la bibi."

Mwalimu akanitazama, akamtazama, akachoka zaidi. "Haya. Liweke chini ya kitanda." Na mwanangu akaingia, godoro kichwani, jembe mkononi, hakugeuka mpaka alipofika kwenye ngazi za bweni. Hapo akageuka.

Nilipotoka getini, pembeni alisimama baba mmoja na binti yake. Ndoo mpya, tranka jipya, na jembe begani linang'aa. Sikuwauliza wamekosa nini. Nilijua.

Sasa mahindi yanataka palizi. Nyuma ya mlango nina majembe tele na hata moja halina mpini. Shemeji alinichongea mpya, nampa haki yake, ila aliuchonga kwa kipimo cha mkono wake, na unanitoa malengelenge. Juzi wa Igunga alipiga simu.

"Mama mkubwa, shikamoo. Msomi kafika salama?"

"Marahaba. Kafika."

"Na lile jembe letu lilimfaa?"

Nikatazama viganja vyangu. Nikamwambia liko nyuma ya mlango, aje alichukue wakati wowote, ila aje ameshakula.